Fulana ya Korongo

Kama ungempita Aliko jioni ile sokoni Tunduma, usingemwona tofauti na vijana wengine wanaopekua mitumba jua likizama. Alikuwa anachagua fulana. Ila wenzake walitafuta ya kupendezea, na yeye alitafuta ya kudanganyia.

Msimu ule vijana walikuwa wamepagawa na fulana zenye nembo za bia za zamani, bia ambazo babu zao walizinywa wakiwa bado na meno yote. Kadiri ilivyochakaa ndivyo ilivyogombewa. Na Boazi, kaka yake Aliko, kuli wa maghala ya mahindi, alikuwa nayo moja ya ukweli: Bia ya Korongo, ndege amesimama kwa mguu mmoja juu ya pipa. Aliivaa mpaka kanisani, chini ya koti, mzee wa kanisa akijifanya haoni. Begani, pale magunia yalipokuwa yanasugua, aliishona mwenyewe kwa uzi wa kijani.

Boazi alikufa rundo la magunia lilipomwangukia. Wakamzika. Nguo zake zikafungwa kwenye shuka, kama desturi ya kwao milimani Ileje, na shangazi yao Tulinagwe akaja kutoka Itumba kulilinda furushi. Nguo za marehemu hazivaliwi wala hazijaribiwi mpaka shangazi afungue. Atakayevikwa wa kwanza ndiye anayesimama mahali pa marehemu: jina lake, watoto wake, na yote aliyoyaacha.

Aliko aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini tamaa haina adabu. Shangazi alipokwenda kuoga, alipenyeza mkono kwenye furushi, akaichomoa ile fulana, akaipeleka kwa Ashraf muuza mitumba, wakabadilishana kwa raba nyeupe. Kaburi la kaka yake lilikuwa bado bichi.

Sasa kesho alfajiri furushi linafunguliwa. Na shangazi alishasema mbele ya watu, "Nitaanza na ile ya ndege." Tangu asikie hivyo Aliko hakulala. Hata kujitazama miguuni aliona haya.

"Ile Korongo niliyokuletea bado ipo?" alimuuliza Ashraf.

"Dogo, ile haikulala hapa. Kuna jamaa kaichukua, kavuka nayo mpaka." Ashraf akamtupia nyingine. "Beba hii. Ni mpya, ila wamezizeesha kiwandani. Hata mwenyewe hajui tofauti."

Mwenyewe! Aliko akaikunjua. Ndege alikuwa yuleyule, pipa lilelile, rangi imefifishwa kwa ustadi. Akapapasa bega. Laini, hakuna mshono. Shangazi Tulinagwe hapitwi na jambo kama hilo. Akairudisha, akaendelea kushuka na safu ya vibanda.

Giza liliingia upesi, na baridi ya Tunduma ikaja nayo. Wauzaji walikuwa wanafunika meza zao. Barabarani malori yaliyopanga foleni ya kuvuka yaliunguruma, kisha... yakanyamaza. Yote kwa pamoja.

Mwisho wa safu, ambapo taa hazikufika, palikuwa na turubai. Aliko hakuwahi kuliona. Muuzaji alikaa juu ya gunia, kofia ya sweta imemshuka mpaka puani. Mikono yake ilikuwa imepauka kwa unga.

Juu ya turubai palikuwa na fulana tupu. Korongo.

Aliko akachuchumaa. Akaishika ya kwanza, akageuza bega.

Uzi wa kijani.

Akashika ya pili. Uzi wa kijani. Ya tatu... akapekua kwa mikono miwili mpaka chini ya rundo.

Zote.

Kisha harufu ikampata. Pumba za mahindi na dawa ya kuchua, harufu ya kitanda cha kaka yake. Alitaka kukimbia. Lakini alikumbuka furushi, akakumbuka macho ya shangazi, na aibu ikaizidi hofu.

"Ngapi?" akanong'ona.

"Jaribu kwanza," muuzaji naye akanong'ona.

Ndivyo watu wa mitumba walivyo. Hakuna anayenunua bila kujaribu, unaivaa palepale juu ya nguo zako, na mkono hauombi ruhusa kwa kichwa. Aliko akaipitisha shingoni. Boazi alikuwa pande la mtu na yeye ni mwembamba, lakini fulana ilimkaa sawasawa, kifuani hata ikabana.

Hapo ndipo alipokumbuka: nguo za marehemu hazijaribiwi.

Akaishika pindo aivue. Haikupita mabegani.

"Imekukaa," muuzaji alisema. "Vua raba."

Aliko alizivua. Hakujua kwa nini alitii. Muuzaji akazivaa taratibu, akazifunga kamba, akainuka akaelekea gizani kwa mwendo ambao Aliko aliujua vizuri sana. Ulikuwa mwendo wake mwenyewe.

Nyuma yake malori yakaanza kuunguruma tena.

Alipata bodaboda ya kumpeleka nyumbani kwenye msiba, kule eneo la Mpemba. Walipopanda kilima cha kwanza pikipiki ikagoma kuchanganya.

"Bro, umebeba nini?" kijana wa boda aliuliza bila kugeuka.

"Sijabeba kitu."

"Hapana. Kuna mzigo hapa."

Aliko alipita mlango wa nyuma. Alikusudia kupiga magoti, aungame kila kitu, apigwe kama ni kupigwa. Ruti, binti wa Boazi, alikuwa amejikunja mkekani. Alipoinua macho alitoka mbio.

"Baba!"

Akamkumbatia kiunoni. Aliko akangoja shangazi amkemee mtoto. Tulinagwe, aliyekuwa anachochea moto, alimtazama tu, mtazamo wa uchovu, kama mtu anayemtazama mwenye nyumba aliyechelewa chakula.

"Ulikuwa wapi, mwanangu? Kesho tunagawa nguo za mdogo wako, na wewe unazurura."

"Shangazi... ni mimi. Ni Aliko."

"Najua, Boazi. Uchungu unasemesha mengi. Kaa, ule."

Sauti iliyokuwa imetoka kinywani mwa Aliko ilikuwa nene. Yeye mwenyewe aliisikia. Alitaka kuirudia kauli, lakini Ruti alikuwa ameshapanda mapajani mwake, analala, anatabasamu usingizini. Siku zote za msiba Aliko hakuwa amemwona mtoto yule akitabasamu. Akafunga mdomo.

Alfajiri furushi lilifunguliwa uani. Zikatoka suruali za Aliko, shati la Aliko la Krismasi, kofia yake. Wanawake waliangua kilio. Shangazi akaliinua lile shati juu, mbele ya wote, akajipangusa mashavu kwa upande wa kanga.

"Tumepoteza kijana mwema," alisema. "Tangu azaliwe, hakuwahi kugusa cha mtu."

Watu wakaitikia amina. Yule aliyekaa na Ruti mapajani aliinamisha kichwa. Kati ya watu wote pale uani, yeye peke yake hakuweza kuitikia.