Babu Anayelala Pwani

Kila alfajiri, nyumba ya Bi Saturnina mjini Oruro, juu kabisa milimani, iliamshwa na kukoroma kwa mumewe. Vikombe vilivyotundikwa ukutani viligongana taratibu, na paka alihamia jikoni. Jogoo wa jirani alikuwa amekwisha kukata tamaa. Aliwika saa tatu, Babu Eleuterio akishaamka.

Wara, mjukuu wao wa miaka kumi na miwili, alivaa sweta mbili, akavunja barafu iliyoganda juu ya ndoo, akampelekea bibi yake maji. Bibi alikuwa anakoroga api, uji mwepesi wa mahindi ya rangi ya zambarau, na mdalasini ulinukia hadi uani. Babu alipewa kikombe na kipande cha mkate. Akashukuru, akauma mkate, akalala nao mdomoni.

"Babu!"

"Sijalala. Nauonja."

"Dakika tano nzima?"

"Mkate mzuri hauna haraka, mwanangu."

Babu alikuwa mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini, katika bendi ya Radi ya Fedha. Alilipiga miaka arobaini. Lakini Jumamosi moja ya Novemba, wakati wa mazoezi, alilala akiwa amesimama. Tuba lenyewe ndilo lililomshikilia asianguke. Wenzake waliponyamaza, tuba likaendelea kutoa sauti, nayo haikuwa ya wimbo wowote. Vijana walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha vijiti.

Kiongozi wao, Mzee Fortunato, hakucheka.

"Eleuterio, ndugu yangu," alisema, "Karnivali ni Februari. Tutaandamana tukipiga kilomita nne mpaka kanisani kwa Bikira. Ukilala njiani, walio nyuma watakuangukia kama matofali. Ukinilalia tena, tuba nampa kijana."

Jioni Babu hakula. Wara alimwona akilisugua tuba lake kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayeaga.

Bibi alikuwa na hofu yake nyingine. Jumatatu alimpeleka Babu zahanati, na Wara akafuata.

"Kukoroma kwake hakunisumbui, daktari, nimezoea," Bibi alisema. "Kinachonitisha ni pale anaponyamaza. Anakuwa kimya kama mtu aliyezama majini. Nahesabu mpaka ishirini, ndipo anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Nikiona kimya kimezidi, namsukuma kwa kiwiko."

"Tangu lini unamsukuma, mama?"

"Mwaka wa pili huu."

Babu alimtazama mkewe. Alidhani muda wote huo alikuwa akisukumwa kwa sababu ya blanketi.

Daktari Ninoska, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, alieleza taratibu. Huenda pumzi za mzee zilikuwa zinakatika usingizini. Koo hulegea, njia ya hewa huziba, oksijeni katika damu hushuka, na mwili humwamsha kidogo ili avute hewa. Kisha mchezo huanza upya, usiku kucha. Mtu wa namna hiyo hukesha bila kujua, na mchana usingizi humdai.

"Kipimo kamili kinafanyika hospitali kuu, na foleni ni ndefu," alisema. "Nunueni kipima oksijeni cha nyumbani. Avae usiku tatu, mniletee namba. Nikiona zinashuka, nitaandika barua asogezwe mbele."

Akaandika kwenye karatasi aina ya kipimo kinachofaa. Bibi akampa Wara ile karatasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma kuliko wote nyumbani.

Wara na Babu walikwenda kwenye duka la vifaa vya tiba karibu na soko. Babu aliketi kwenye benchi mlangoni, akalala. Wara akakaribia kaunta, na hapohapo macho yake yakanasa. Kulikuwa na kibanio kidogo cha rangi ya chungwa cha kubana kidole. Kilikuwa na namba za kijani na moyo mdogo uliokuwa ukirukaruka. Kilikuwa kizuri kama peremende.

"Daktari amesema kipi?" muuzaji aliuliza.

"Hikihiki," alijibu Wara. Karatasi ilikuwa mfukoni, haijakunjuliwa.

Nyumbani alimbana Babu kidole, namba zikawaka. Alipokiondoa, namba zikapotea, na hata alipobonyeza kila mahali hazikurudi. Ndipo alipokunjua karatasi. *Kiwe kile kinachohifadhi namba usiku kucha. Kibanio cha kupimia kwa dakika chache hakifai.*

Masikio yake yakapata moto.

"Mbona umekikodolea macho?" Bibi aliuliza.

"Nakisoma, Bibi. Nitakaa na Babu usiku. Nitaandika namba kila nusu saa."

Bibi aliguswa sana. "Una moyo mwema, mwanangu," alisema, akamfunika mabegani kwa blanketi lake mwenyewe, lile la manyoya ya alpaka.

Blanketi hilo ndilo lililommaliza. Asubuhi daftari lilikuwa na mstari mmoja tu: "Saa nne, 88." Chini yake kalamu ilikuwa imechora njia ndefu mpaka ukingoni mwa karatasi, mahali mwandishi alipolala. Kibanio kilipotafutwa kilikutwa ndani ya soksi ya Babu, na hakuna aliyejua kilifikaje.

Bibi alikuwa jikoni. Wara alitazama boksi la kipimo. Juu yake kulikuwa na picha ya mzee anayetabasamu chini ya mnazi, kidole chake kikisoma 98. Hiyo ilionekana namba nzuri, namba ya mtu mwenye furaha. Wara akaifuta 88 yake ya kweli, akaandika 98. Kisha 97. Kisha 99, ili isionekane kama amenakili. Usiku wa pili na wa tatu alilala hata kabla ya Babu, na kila asubuhi alijaza ukurasa kwa mwandiko safi.

Siku ya nne walirudi zahanati. Babu alikaa kwenye kiti cha pembeni na usingizi ukamchukua. Daktari Ninoska alifungua daftari. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Bi Saturnina," alisema, "huyu mumeo usiku huwa anakwenda wapi?"

"Haendi popote! Yupo ubavuni mwangu."

"Hapana, mama. Huyu analala pwani. Taifa zima tunaililia bahari tuliyoipoteza vitani zamani, kumbe mzee Eleuterio ameipata na hasemi!"

Bibi hakuelewa. Daktari akachukua kile kibanio cha rangi ya chungwa walichokileta, akajibana kidole. Tisini. Akambana Bibi, aliyekuwa amepasha vidole kwenye kikombe cha chai. Themanini na tisa. Akambana Wara. Tisini na moja.

"Huku kwetu juu hewa ni nyembamba," alisema. "Mtu mwenye afya akipata tisini, tunashukuru. Tisini na nane ni ya watu wa chini, kwenye minazi. Sasa nani aliandika namba hizi?"

Wara alitazama viatu vyake. Alifikiria kusema kwamba kipimo ni kibovu. Neno lilikuwa limefika ulimini kabisa. Lakini pale pembeni, kukoroma kwa Babu kukakatika. Chumba kikawa kimya.

Daktari aliinuka haraka, akambana Babu kidole. Themanini na sita. Themanini na mbili. Babu hakuvuta hewa. Sabini na nane. Wara aliushika mkono wa pili wa Babu, mkono mgumu wa mpiga tuba, akasahau kutazama viatu. Sabini na tano. Bibi akainua kiwiko chake kilichozoea kazi, lakini kabla hajamfikia, Babu akashtuka, akavuta hewa kwa mkoromo mkubwa, akafungua macho.

"Sijalala," alisema. "Nasikiliza."

Wara akaangua kilio. "Ni mimi! Sikusoma karatasi. Nilichukua hiki kwa sababu kinapendeza, halafu nikaona aibu kusema. Usiku nililala. Namba nimezitoa kwenye boksi!"

Daktari hakupaza sauti. "Ningeziamini, binti, nisingeandika barua. Ningemwambia babu yako yu mzima, arudi nyumbani. Umeona mwenyewe alivyokuwa sasa hivi."

Wara aliona. Alisubiri Bibi amgombeze. Bibi aliichukua mikono yake iliyokuwa baridi, akaizungushia kikombe cha chai.

"Twende dukani," alisema. "Safari hii utanisomea hiyo karatasi neno kwa neno, na mimi nitauliza maswali."

Na kweli aliuliza. Muuzaji alitoa kwanza kipimo cha pete kinachopeleka namba kwenye simu.

"Simu yangu ina vitufe na tochi," alisema Bibi. "Leta kingine."

Muuzaji akatoa kile kinachofungwa mkononi kama saa, chenye waya mfupi na kofia laini ya mpira ya kuvalisha kidole.

"Kinakumbuka?"

"Saa kumi mfululizo, mama."

"Na betri?"

"Inafika asubuhi. Ukiijaza kabla ya kulala."

"Akigeuka je? Mume wangu hulala kama mcheza ngoma ya mashetani kwenye Karnivali."

"Mpira huu hautoki kirahisi. Vaa mwenyewe uone."

Bibi akavaa, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Mpira haukutoka, lakini kioo kilionyesha vistari vitupu. Muuzaji akakigonga. Vistari vitupu.

"Samahani, mama," alisema. "Kwa mujibu wa mashine hii, wewe ni marehemu."

"Marehemu haulizi maswali," alijibu Bibi. "Angalia vizuri."

Wara alikuwa amegeuza ile karatasi. Nyuma yake kulikuwa na maneno madogo. Akayasoma kwa sauti: "Kidole kiwe na joto. Kucha isiwe na rangi."

Wote wakatazama vidole vya Bibi, vilivyopoa njiani, na kucha zake. Zilikuwa nyekundu kama pilipili. Alizipaka kwa ajili ya sherehe ya bendi, na hakuwa na mpango wa kuzifuta. Akavaa Wara badala yake, namba zikaja: tisini, tisini na moja. Muuzaji alikubali kurudishiwa kile kibanio, ingawa boksi lake lilikuwa limechanika, akasema atampa mwanawe wa kiume achezee mchezo wa daktari. Bibi aliikumbuka hisani hiyo, na siku iliyofuata alimpelekea chupa ya api ya moto.

Usiku wa kwanza, kipimo kilitetemeka oksijeni iliposhuka, Babu akaruka kitandani akipiga kelele: "Tetemeko la ardhi! Okoeni tuba!" Wara alitafuta kwenye kijitabu namna ya kuzima mtetemo huo, kwani daktari alitaka kumbukumbu tu. Baada ya hapo usiku tatu zilipita salama. Hakuna aliyelazimika kukesha, na hakuna aliyeandika chochote. Walimpelekea daktari kipimo chenyewe.

Kwenye kompyuta ya zahanati namba zilijichora kama safu ya milima, kilele na bonde, kilele na bonde, usiku mzima. Mabonde mengine yalifika sabini na tatu. Hazikuwa namba nzuri hata kidogo. Daktari Ninoska aliandika barua papo hapo.

Kabla ya Krismasi Babu alikwisha pimwa hospitali kuu, na Januari alipewa mashine yenye bomba na barakoa, inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Usiku wa kwanza aliitazama kwa mashaka, akaivaa, akaivua.

"Miaka arobaini nimepuliza tuba," alisema. "Sasa tuba linanipuliza mimi!"

Lakini alilala. Bibi naye alilala, na kiwiko chake kikapumzika. Asubuhi jogoo wa jirani aliwika alfajiri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akashangaa mwenyewe kusikia sauti yake.

Siku ya Karnivali, Wara na Bibi walisimama kwenye kona ya mwisho kabla ya kanisa. Bendi ya Radi ya Fedha ilipanda mlima mdogo, na tuba la Babu liling'aa kuliko yote. Alikuwa mwekundu kwa kuishiwa pumzi, lakini macho yake yalikuwa wazi kabisa, na alipowapita aliwakonyeza kwa jicho moja tu.

Baadaye wote walikutana nyumbani kwa Bi Saturnina kunywa api. Mzee Fortunato alimpongeza Babu kwa hotuba ndefu. Katikati ya hotuba, kichwa cha Fortunato mwenyewe kikainama, mkate ukabaki mdomoni, na vikombe vya ukutani vikaanza kugongana.

Babu alimtazama rafiki yake kwa huruma. "Wara," alinong'ona, "kalete kipimo."

Wara alikuwa amekwisha kusimama. "Nitamsomea na maelezo yote, Babu. Mbele na nyuma."

Bibi alimvuta karibu, akamwekea mkononi kipande cha pasteli, andazi lenye jibini.

"Ndivyo, mwanangu," alisema. "Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Zile namba zako za pwani zilikuwa nzuri kuzitazama, lakini zingetuzikia babu. Hizi mbaya za kweli ndizo zilizompigisha tuba leo."

Kisha akavua shali yake, akamfunika nayo Mzee Fortunato mabegani.