Bafle Ndani ya Matete

Jumamosi, katika soko la Butembo, mtu anaweza kupata kila kitu isipokuwa nafasi ya kusimama. Hapo ndipo mikono miwili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, ilipoikamata darubini moja juu ya meza ya Zorobabel, muuza mitumba. Tafadhali vueni kofia: mapenzi yanaanza.

"Achilia, papa," alisema mwenye mkono wa kike. "Mi njo niliikamata wa kwanza."

"Mi niliiona wa kwanza. Toka kule banauzisha ndizi."

"Macho haikamate kitu."

"Sasa hii jumelle ni ya nini, kama hapana ya macho?"

Zorobabel alicheka mpaka akajishika kiuno. Msichana hakucheka. Alivaa kitenge cha maua mekundu, na chini yake buti za plastiki za kijani zenye tope. Aliitwa Tamar. Kijana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyenye ncha kali. Aliitwa Esdras, fundi wa sauti katika redio ndogo ya kanisa, mtaa wa Mulekera, Beni.

"Mi naenda kurekodi bachorale," alieleza. "Nataka niwaone bale banafungua kinywa bila kuimba. Na weye unataka kuchunguza bwana ya nani?"

"Ndege."

Esdras aliiachilia. "Chukua. Lakini siku moja uniazime."

"Uangalie nini?"

"Weye. Toka mbali, sababu karibu unatisha."

Hapo sasa Tamar alicheka. Namba ya simu ilitolewa, na Zorobabel akajitangaza shahidi.

Tamar alifanya kazi katika kiwanda cha kuoshea kahawa nje ya mji. Maji yakishaosha kahawa hutoka machungu na yenye harufu, kwa hiyo mwenye kiwanda alikuwa amechimba mabwawa, moja chini ya jingine, akayapanda matete. Maji hushuka polepole kati ya mizizi na kutoka safi. Hakuna aliyewaalika ndege. Walikuja wenyewe, kama watu wanavyokuja kwenye harusi. Kila asubuhi Tamar alipima maji, kisha akabaki kuwatazama. Haraka ya kurudi nyumbani hakuwa nayo. Wazazi wake walikuwa Lubero, rafiki zake walikuwa wameolewa wote, na katika chumba chake kitu pekee kilichotoa sauti kilikuwa sufuria.

Barabara ya Beni si ya kusafiri kwa sababu tu moyo umetikisika. Kwanza unauliza habari zake. Hivyo mapenzi yao yalipita hewani, kwa simu.

"Chérie, leo uliona banani?"

"Nyange bawili, na mudiria moja, kiburi kama diacre ya kanisa."

"Na kukuziwa yako?"

Kukuziwa ni ndege mdogo mweusi, mdomo wa njano, miguu myekundu. Huimba wawili wawili: mmoja huanza na mwenzake humalizia. Jike la bwawa lile lilikuwa limeliwa na paka.

"Anaanza, anangojea," alisema Tamar. "Hakuna wa kumujibu. Anaanza tena. Esdras, nikitoka pale naingia mu nyumba yangu, na iko kimya vilevile."

Mwenye akili angesikia kwamba wanaozungumziwa ni wawili. Esdras alisikia tatizo la ufundi.

"Niruhusu nitume bazee kwenu Lubero," alisema. "Na mbuzi zao."

"Ile ndege ikipata mwenzake, njo utume." Tamar alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mwisho.

Basi fundi wetu alitafuta katika mtandao sauti ya kukuziwa jike, akaisafisha kwenye kompyuta usiku na mchana, akatafuta bafle, yaani spika, ndogo isiyo na waya. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, shangazi yake Tantine Kavuo aliyemlea, ambaye akifichwa jambo hupanda presha. Jumapili iliyofuata aliwahi bwawani na kuificha bafle ndani ya matete.

Tamar alikuja kutoka kanisani na kitenge cha njano na buti zake zilezile. Walikaa juu ya benchi. Mara ndege akaanza: sauti nzito, ya kukwaruza. Akanyamaza. Esdras, mkono mfukoni, akabonyeza simu.

Matete yakajibu.

Tamar alimkamata mkono kwa kucha zote. Ndege, ambaye huwa hajionyeshi, alitoka mbio mpaka mahali peupe, shingo mbele, akazunguka, akaita, akajibiwa, akazunguka tena.

"Amepata," alisema Tamar, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. "Esdras, amepata! Tuma bazee. Batume hata kesho."

Hapo tarumbeta zikalia kutoka ndani ya matete. Ulikuwa mlio wa simu ya Esdras. Alipapasa mfukoni aizime, akabonyeza pabaya, na sauti ya Tantine Kavuo ikatawala mabwawa yote.

"Allô! Esdras! Ile bafle ilimudanganya ndege? Na binti alikubali? Sema mbio, hizi mbuzi za mahari ziko zinanimalizia majani ya sombe mu shamba!"

Nyange wote waliruka. Tamar alisimama polepole.

"Nilitaka ufurahi," alisema Esdras.

"Nilifurahi. Na yeye?" Alimwonyesha ndege, aliyekuwa bado akizunguka mahali palepale. "Sasa anatafuta nani? Utamuelezea namna gani?"

Esdras aliingia kwenye matete, akaitoa bafle.

"Rudia Beni," alisema Tamar.

Asubuhi chache zilizofuata ndege aliita kwa nguvu kuliko zamani. Kisha hakuita tena, wala hakuonekana. Simu ya Tamar ililia juu ya meza, karibu na sufuria, naye akaitazama mpaka ikachoka. Kule Mulekera, Esdras alikata na kuunganisha nyimbo za kwaya, na kila palipokuwa na kimya kati ya beti mbili, mkono wake ulisimama.

Halafu Jumapili moja alitokea ng'ambo ya bwawa. Simu aliiacha mezani kwa Zorobabel. Hakupunga mkono. Alikaa kwenye nyasi, yeye ambaye huongea hata katikati ya maombi, akanyamaza mpaka jioni. Tamar alimkagua kwa darubini kama anavyokagua bata mgonjwa: amekonda, shati lina tope, siafu anapanda shingoni na hampigi. Jumapili nyingine alirudi. Mvua ilinyesha, hakuondoka. Lakini ndege hakurudi.

Siku moja, bila kujua kwa nini, Tamar alifungua kinywa akatoa nusu ya kwanza ya wimbo ule, ile ya kukwaruza. Akangojea.

Ng'ambo, Esdras aliinua kichwa. Jibu alilijua. Alilisafisha mpaka likaingia katika ndoto zake. Alifungua kinywa, akakifunga. Akasimama, akalizunguka bwawa, viatu vyenye ncha vikizama kwenye tope, mpaka akafika mbele yake.

"Juu ya nini haukujibu?"

"Ile sauti haikuwa yangu." Alionyesha mikono yote miwili, mitupu. "Yangu ni hii. Niko hapa, Tamar."

"Ndege iliisha kwenda. Pengine haitarudia."

"Najua."

"Nilisema ikipata mwenzake, njo utume bazee."

"Nakumbuka. Sitabatuma. Nakuya kukaa tu."

Tamar akausogeza mfuko wake, na nafasi ikapatikana juu ya benchi. Akamkabidhi darubini.

"Angalia kule chini. Usiseme kitu."

Aliangalia. Hakukuwa na kitu, naye hakusema kitu. Ni Tamar aliyeshindwa.

"Tantine yako iko anasema nini?"

"Anasema mbuzi zilimaliza sombe yote."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na safari hii kilifika mwisho. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi azipeleke Lubero," alisema. "Kule majani iko mingi."

Darubini ilikuwa moja. Walipokezana mpaka jua likashuka nyuma ya kiwanda, wakitazama mahali palepale chini ya matete, palipobaki patupu.