Aliyekaa Kwenye Kiti cha Wifi

Uzi mweupe uliisha magharibi, na vitambaa tisa bado.

Fundi alikipindua kikapu, akakitikisa, akapiga magoti kuchungulia mvunguni mwa kochi. Hakuna. Bibi harusi alikuwa ameagiza vitambaa arobaini vya meza, anakuja kuvichukua kesho asubuhi, na huyo hakuwa mtu wa kuambiwa samahani. Maduka ya uzi yalikwisha fungwa. Mtaa mzima ni mtu mmoja tu ambaye angekuwa na uzi wa aina ile.

"Si uende kwa dada," mumewe alisema akiwa mlangoni, mdomo umejaa mkate. "Donge moja la uzi halitakutoa roho."

Rahisi kwake kusema. Huyo dada kwake ni dada, lakini kwa Fundi ni wifi, na mawifi hao walikuwa hawajasalimiana tangu mvua zilizopita.

Tusifichane, Fundi alikuwa na wivu. Tena si wivu wa kununa siku mbili ukapita. Wivu wake ulilala naye na kuamka naye. Yeye ndiye aliyemfundisha wifi kufuma, enzi ambazo wifi alishika sindano ya kufumia kama mtu anayechokoa sikio. Leo wifi ana duka lenye vioo, oda zake zinatoka kabla ya siku zake, na juu ya hayo ana kucha ndefu nyekundu, hakuna hata moja iliyokatika. Mtu anayefuma kutwa hawezi kuwa na kucha zile. Fundi aliwaza kucha za wifi kama mke anayewaza simu ya mumewe.

Yeye mwenyewe, chanda chema huvikwa pete, lakini cha kwake kilivikwa bandeji. Zamani alifuma kwa raha zake. Alikuwa akifungua uzi mpya, anaunusa kwanza, halafu anaanza kuhesabu vitanzi kwa sauti ya nusu wimbo, akiivuta kila kumi: "kuuumi... ishiriiini..." Majirani wakaona, wakasema hiyo ni biashara hiyo, unalala na dhahabu mvunguni. Akaacha kazi ya ofisini. Mwaka wa kwanza ukaenda vizuri. Mwaka wa pili oda zikawa oda, na raha ikawa nira. Siku moja, miezi mitatu nyuma, aliitupa sindano ukutani akaipigia kelele, "Sitaki kukuona tena! Toka! Nenda zako!" Baadaye aliiokota, kwani watu walikuwa wanasubiri vitu vyao. Lakini tangu siku hiyo harufu ya uzi mpya ilimtia kichefuchefu, na wimbo haukutoka tena.

"Mama, nifundishe na mimi," kitindamimba wake wa miaka sita alisema, akimvuta mama yake shali wakati anatoka.

"Usiguse uzi wa watu. Nimekwambia mara ngapi?"

Akaenda.

Taa za mtaani zilikuwa hazijawaka. Geti la wifi lilikuwa wazi. Mlango nao, wazi kidogo.

"Hodi."

Akausukuma mlango kidogo.

"Hodi humu... wifi?"

Harufu ndiyo iliyompokea kwanza. Uzi mpya, uliotoka kwenye nailoni yake dakika hiyo. Ajabu ni kwamba kichefuchefu hakikumjia. Harufu ilikuwa tamu, kama zamani. Akajikuta ameshaingia sebuleni, viatu vyake mkononi, bila kujua amevivua saa ngapi.

Kisha akasikia.

"...saba... nane... tisa... kuuumi..."

Sauti ilitoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

Fundi aliijua. Mtu hawezi kuisahau sauti yake mwenyewe.

Mwili ukamsisimka kuanzia visigino. Alitaka kugeuka, Mungu shahidi, lakini miguu ilikwenda mbele. Akalishika pazia kwa vidole viwili. Akalisogeza.

Chumba kilikuwa na giza la magharibi, na kiti kimoja kikitazama dirisha. Kwenye kiti alikaa mwanamke, mgongo kwake. Nywele zilisukwa mtindo ambao Fundi aliuacha miaka miwili nyuma. Bega la kushoto limeinuka kidogo, kama bega la Fundi. Mikono ilikuwa inakwenda, inakwenda, na kitambaa cheupe kikimwagika magotini hadi sakafuni. Alifuma bila hata kutazama.

Na alikuwa anatabasamu. Fundi aliona shavu likijaa.

"Usimwite jina," mtu alinong'ona nyuma yake.

Wifi. Amesimama na mkate chini ya kwapa, kucha zake zikimetameta.

"Nani yule?" Fundi alinong'ona.

"Unaniuliza mimi?"

"Umenifanya nini, wifi? Umenichukulia nini?"

"Sijachukua kitu. Alikuja mwenyewe, miezi mitatu sasa. Alibisha hodi saa kama hizi, analia, anasema amefukuzwa kwao." Wifi akauhamishia mkate kwapa la pili. "Ningemwacha nje?"

Labda ni kweli. Lakini macho ya Fundi yalikuwa yameshuka. Kwenye mguu wa kiti palifungwa uzi mweusi, umezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa vifundo, na upande wa pili ulizunguka kifundo cha mguu cha yule mwanamke. Katikati ya uzi zilisokotwa nywele, nywele za Fundi mwenyewe. Hizo nywele wifi alizipata wapi? Hakuna aliyesema, na mpaka leo hajasema.

"Na hiyo?"

"Asipotee tu," wifi alisema haraka. "Mimi simtesi. Simwambii oda, simwambii tarehe. Anafuma anachopenda, mimi nauza. Muulize kama ana shida!"

Fundi akasogea hatua moja. 

"Twende nyumbani," aliuambia ule mgongo.

Mikono ikasimama. 

"Kuna oda?" sauti ikauliza, taratibu, bila kugeuka.

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema hakuna, tutafuma koti la mtoto tu, tutasikiliza redio. Lakini kesho ilikuwa kesho, na alikuwa amechoka mno hata kudanganya.

"Tisa tu," akasema. "Za asubuhi."

Yule mwanamke akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa utani mzuri. Mikono ikaanza tena.

"Moja... mbili... tatu..."

Hapo ndipo wivu ulipompanda Fundi kichwani. Kumwonea wifi alikwisha zoea. Huu ulikuwa mwingine. Alimwonea wivu yule kwenye kiti, raha yake, vidole vyake visivyovimba, shavu lile. Yeye anakufa na kazi, na nafsi yake mwenyewe imekaa kwa watu inacheka! Kwa nini? Kama si yake, basi isiwe ya mtu. Afadhali wakose wote.

Mkasi ulikuwa mezani.

"Wifi, usi..."

Fundi akaukata uzi mweusi.

Kuhesabu kukakoma. Upepo wa baridi ukampita Fundi ubavuni, ukanukia uzi mpya, ukatoka kwa mlango aliouacha wazi. Kitini kilibaki kitambaa tu, sindano imening'inia.

Wifi aliketi chini, mkate ukabingiria. "Umefanya nini?" alisema akilia. "Umefanya nini, wifi yangu?"

Fundi alirudi mbio. Alijua yule mwingine atarudi nyumbani. Angekwenda wapi kwingine? Alifungua mlango wa mbele wazi kabisa, akakaa kwenye kochi, akashika sindano, akasubiri.

Vidole havikujua kitu. Kitanzi cha kwanza tu, kile anachofundishwa mtoto, kilimshinda.

Asubuhi bibi harusi alitukana mpaka majirani wakatoka. Wiki hiyo hiyo duka lenye vioo likafungwa. Na mawifi wasiosalimiana wakaanza kuonekana pamoja kila magharibi, wakipita polepole kando ya nyumba za watu, wakisimama chini ya madirisha kusikiliza kama kuna anayehesabu. Watu wakasema kufilisika kumewapatanisha.

Jioni ya tisa Fundi alirudi peke yake, miguu inauma. Alikuwa hajavua hata shali aliposikia.

"...tisa... kuuumi..."

Ilitoka chumba cha watoto.

Kitindamimba alikaa sakafuni, mgongo kwa mlango, bega la kushoto limeinuka kidogo. Mtoto ambaye hakuwahi kufundishwa hata kitanzi kimoja. Mikono yake midogo ilikwenda, ilikwenda, na kitambaa kilikuwa kimekwisha fika mlangoni.

"Mwanangu," Fundi alinong'ona. "Nipe mama hiyo."

"Ngoja kwanza," mtoto akasema, bila kugeuka. Na akacheka.

Mama yeyote angeogopa. Fundi alisubiri hofu imjie, alisubiri kwa moyo wake wote, akiomba imjie upesi, kwa sababu alilitazama lile shavu dogo lililojaa tabasamu, na kilichokuwa kinampanda hakikuwa hofu.