Barua Iliyomruka Mjomba

Kicheko kilimfikia kwanza. Injini ya basi ilikuwa inanguruma pale Mnazi Mmoja, kondakta anafoka, watu wanagombea madirisha, lakini Vitalis alikitambua. Miezi minne hakuwa amekisikia.

Akapanda. Yunis alikaa kiti cha tatu, gauni la manjano, kilemba cha rangi hiyo hiyo, kikapu mapajani.

"Opereta," Vitalis alisema, "niunganishie namba ya moyo wako."

"Laini mbovu," Yunis akajibu, uso umegeukia dirisha.

Ndivyo walivyopendana, kwa simu. Yunis alikuwa opereta katika ofisi moja ya serikali. Vitalis, Mngoni wa Songea, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, alimpigia kila mapumziko. Kisha akatuma barua ya posa kwa baba yake Yunis, huko Kilosa. Jibu halikuja. Na Yunis akaacha kupokea simu zake.

Ilikuwa Sabasaba. Basi lilikodiwa na wafanyakazi wa mjini kwenda kuona milima ya Mikumi na Kilosa na kurudi siku hiyo hiyo. Vitalis alivaa bugaluu mpya, suruali pana miguuni, na kujiambia anafuata milima tu.

Morogoro, Uluguru ikachomoza mawinguni na abiria wakakimbilia madirisha ya kushoto. Jirani yake Yunis naye akainuka. Vitalis akakalia nafasi yake.

"Hicho kiti kina mwenyewe."

"Atanikuta. Unakwenda kuona milima?"

"Milima nimezaliwa juu yake. Nakwenda kwa mjomba. Jumapili anakuja karani mmoja wa Kilangali aliyeniposa, anataka jibu langu."

Vitalis alihisi suruali yake mpya yote inambana. "Kwa hiyo barua yangu mlifungia karanga?"

"Ulimwandikia nani?"

"Baba yako! Mwenye nyumba!"

"Vitalis, sisi ni watu wa ukoo wa mama. Wa kuniozesha ni mjomba. Barua yako ilimruka, ukoo mzima ukamcheka. Nikajua umetudharau."

"Kwetu baba ndiye kila kitu. Ningejuaje?"

"Ungeuliza! Kila siku unanitungia beti kumi, swali moja likushinde?"

Mikumi tembo walivuka barabara, basi zima likashangilia. Wao wawili walitazama mbele. Lakini vumbi la njia ya Kilosa lilipoanza kuingia, Yunis aliufunga mdomo wake kwa upande mmoja wa kitenge alichokitoa kikapuni, na upande wa pili akamtupia Vitalis.

"Jifunike, bwana. Utakohoa mbele ya mjomba."

"Nani kasema nakwenda kwa mjomba?"

"Basi baki na tembo."

Mjomba Danieli alikuwa anasubiri sokoni Kilosa, mzee mfupi aliyevaa koti zito katika jua lile.

"Shikamoo, mjomba," wakasema pamoja.

"Marahaba." Akaitazama bugaluu kutoka kiunoni hadi chini. "Huyu anayefagia njia kwa suruali ni nani?"

"Ndiye aliyeandika barua," Yunis alisema.

"Aha! Aliyeniruka."

"Nilikuruka kwa kutojua, mzee wangu. Kwa hilo naomba radhi," Vitalis alisema. "Lakini kuhusu Yunis siombi radhi. Huyo nampenda."

"Neno nimekwishampa karani."

"Neno ni lako, mjomba," Yunis akasema, sauti juu, wauza ndizi wakageuka. "Wa kulala nyumbani kwa karani ni mimi. Sitakwenda. Nifukuze kama unataka."

Mzee akamgeukia Vitalis. "Kwetu mkwe hulima shamba la mjomba kabla hajapewa mke. Karani amekataa, anataka kutuma vibarua. Na wewe, mtu wa mashine? Na ujue, watoto watakuwa wa ukoo wetu, si wa Songea."

Hilo lilimchoma Vitalis. Alimfikiria baba yake, atakavyonguruma. Dereva akapiga honi. Wa kurudi Dar es Salaam wakaanza kupanda. Vitalis alimtazama Yunis, aliyesimama wima kama anayengoja hukumu na yuko tayari kuikatia rufaa.

"Baba yangu atagomba. Acha agombe," Vitalis alisema, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili. "Mjomba, wanasikia watu hawa wote: mvua ya kwanza ikinyesha, utanikuta shambani kwako na jembe kabla hujanawa uso. Ukinifukuza, nitarudi kesho yake. Nitalima mpaka useme ndiyo, na watoto wetu nitawafundisha mwenyewe kukuita wewe kwanza."