Ishara ya Mwisho ya Saumu

Kipenyavumbi, chombo kidogo cha uchunguzi kisicho na mtu, kilikuwa katika siku yake ya kumi na mbili ndani ya wingu la gesi, kikinasa joto pale ambapo mwanga wa kawaida haupenyi. Mbali na hapo, ndani ya chombo kikubwa cha angani, Dakta Mwatime Kijoli alitazama picha kilizotuma. Gesi ilitiririka katika nyuzi ndefu. Zilipokutana, ilirundikana, ikajibana kwa uzito wake yenyewe hadi ikawaka. Nyota changa mia tatu na tisa zilikuwa zimesongamana mahali pamoja.

"Gesi ikishapeperushwa, zitashikana au zitatawanyika?" alisema. "Leo tutapima kasi zake, tujue."

"Daktari," alisema nahodha Shelukindo, mtu pekee aliyesafiri naye. "Ishara ya mwanao inafika saa nane. Na antena ni moja, haiwezi kupokea pande mbili."

Mwatime alimwacha binti yake Saumu Duniani akiwa na miaka tisa, kisha akalala usingizi wa barafu karibu karne tano. Alipoamka, alikuta chombo kimehifadhi salamu za mwanawe, moja kwa kila mwaka wa uhai wake, zilizosafiri karne nyingi hadi kuwafikia njiani. Alizisikiliza zote kwa wiki moja: sauti ya mtoto, ya mwari, ya mama, hata ya kikongwe. Katika ile ya karibuni Saumu aliahidi kutuma moja tu zaidi.

"Kipenyavumbi kitaungua kabla ya saa tisa," Shelukindo alimkumbusha. "Hatuna kingine."

"Najua. Geuza antena."

Picha za nyota zikazimika. Shelukindo akatoka, akafunga mlango taratibu. Mikwaruzo ya redio ilijaa chumbani, kisha sauti ikaja, nyembamba, yenye pumzi fupi.

"Shikamoo, mama. Nilikukasirikia miaka mingi, sasa yamekwisha. Niko na wanangu watano, wananigombania nani anilishe uji. Usiniwazie. Ila kuna jambo sijawahi kukuuliza. Huko uliko, una mtu wa kula naye?"

Mikwaruzo ikarudi. Saa tisa ikapita.

Mwatime alikaa hadi machozi yalipokauka. Mwaka mzima tangu aamke alikuwa amekula mbele ya mitambo, sahani mapajani. Alisimama, akaenda jikoni. Shelukindo alikuwa amesimama peke yake kando ya ukuta, akila wali kwenye sufuria. Alishtuka kumwona.

"Amesemaje?"

"Kaka, kwanza keti," alisema Mwatime, akitafuta sahani ya pili. "Tule, nikusimulie."