Tundu la Mraba

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ya pili ya mtihani, Agosti mwaka 1958, mwanga ulionekana kati ya kiziba cha Macharia na bamba lake. Macharia aliinua kazi yake mbele ya dirisha la karakana, akaigeuza, akaiinua tena. Upande mmoja wa tundu ulikuwa umeliwa na tupa kupita kiasi. Jana jioni alipoiweka kwenye sanduku lake mwanga haukupita popote, na chuma hakibadiliki kwa kulala usiku mmoja.

Macharia alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, naye alisomea ufundi wa mitambo katika shule moja mjini Thika. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa pili hakuruhusiwa kugusa mashine kubwa za mwaka wa tatu kabla ya kufaulu mtihani wa kuhitimu. Mtihani huo ulikuwa na sehemu tatu: maandishi, kazi ya mikono, na maswali ya ana kwa ana. Aliyeshindwa sehemu yoyote aliweza kuirudia mara moja tu. Akishindwa tena, alifungasha vitu vyake akarudi kwao. Macharia alikuwa ameshindwa kazi ya mikono mwaka uliotangulia.

Kazi ilieleweka kwa urahisi, ila ilikuwa ngumu kufanya. Kila mwanafunzi alipewa bamba la chuma na kipande kingine kinene. Katikati ya bamba alichonga tundu la mraba kwa tupa, kisha akachonga kiziba cha kuliziba. Kiziba kilipaswa kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba, kigeuzwe upande wowote, na mwanga usipite. Namba ya mwanafunzi iligongwa juu ya chuma siku ya pili, wakati wa kukabidhi. Kabla ya hapo, mabamba yote yalifanana.

"Macharia, hapo mbuzi wa kule kijijini Gatuanyaga anapita na pembe zake!" mwanafunzi mmoja alimtania kutoka nyuma.

"Wacha apite, anaenda malishoni," mwingine akadakia, wakacheka.

Macharia hakucheka. Alikuwa akikumbuka ni nani aliyebaki karakana jana kufagia. Alikuwa Erastus.

Erastus na Macharia walitoka Ruiru. Jumamosi walirudi nyumbani kwa baiskeli moja, ya Erastus, mmoja akiendesha na mwingine akikaa nyuma. Siku za wiki wote wawili walilala katika chumba kimoja mtaani Majengo, kwa Wakonyo, shangazi yake Macharia, ambaye walimwita Tata. Alikuwa akiwapikia katika sufuria moja.

Macharia alienda kwenye meza ya Erastus. Bamba la Erastus lilikuwa limebanwa kwenye jiliwa, naye alikuwa akilipangusa kwa kitambaa. Macharia alizitambua kona za tundu lake.

"Umemaliza mapema," Macharia alisema.

"Nimeamka vizuri."

"Erastus, hii ni kazi yangu."

"Imeandikwa jina lako?"

"Niangalie basi, uniambie hivyo."

Erastus aliendelea kupangusa. "Kila mtu na chuma chake, bwana. Usinitafutie balaa siku ya mtihani."

Macharia alienda moja kwa moja kwa msimamizi wa mtihani. Huyu alikuwa Mohinder Singh, mwenye karakana ya kutengeneza mashine za kusagia mahindi pale mjini. Shule ilimwalika kila mwaka kwa sababu hakuwa mwalimu wa yeyote kati ya wanafunzi.

"Bwana Mohinder, bamba langu limebadilishwa jana, pamoja na kiziba chake. La kwangu liko kwa Erastus."

Mohinder alimwita Erastus. "Ni kweli?"

"Si kweli, Bwana Mohinder. Mwaka jana alianguka, sasa anaogopa."

Macharia alimtazama. Mwaka jana, siku ya matokeo, Erastus ndiye aliyemshika bega njia nzima hadi Majengo.

"Nimesikia la huyu, nimesikia na la huyu," Mohinder alisema. "Mimi sipimi maneno. Leteni kazi zote mbili. Tunaanza maswali ya ana kwa ana sasa hivi."

Aliinua bamba lililotoka kwa Erastus akalichungulia.

"Kazi nzuri sana. Erastus, tupa ya pembe tatu ikisafisha kona ya ndani, kwa kawaida huuma na upande wa jirani. Hapa sioni alama hata moja. Ulifanyaje?"

"Nilienda polepole, Bwana Mohinder."

"Polepole nayo inauma. Macharia, wewe?"

"Nilisaga uso mmoja wa tupa kwenye jiwe la kunolea mpaka meno yakaisha. Uso huo unalala kwenye upande uliokwisha kunyooka, hauukati."

"Tupa iko wapi?"

Macharia aliitoa sandukuni. Mohinder aliipitishia kidole, kisha akafunga kwenye jiliwa bamba lingine lenye tundu ambalo halijamalizika.

"Kila mmoja anifanyie kona moja. Tupa ni hiyo hiyo."

Macharia alifanya ya kwake. Kona ilitoka kali na upande wa jirani ukabaki safi. Erastus alichukua tupa, akaigeuza mara mbili mkononi, akaanza. Hakujua upande upi umekwisha kunyooka, akaulaza juu yake uso wenye meno. Mkwaruzo mrefu ulitokea kwenye upande ambao haukupaswa kuguswa, na wanafunzi wote waliokuwa karibu wakauona.

Erastus aliweka tupa chini. "Nilibadilisha jana," alisema. "La kwangu lilikuwa limeharibika."

"Ungerudia mwakani," Macharia alisema. "Mimi sina mwakani. Ulijua."

"Nilijua."

"Basi kwa nini mimi? Masanduku yalikuwa mengi."

"La kwako halikuwa na kufuli." Erastus alikuwa akitazama sakafu. "Uliniambia mwenyewe hufungi, kwa sababu mimi ndiye ninayefagia."

Mohinder alichukua nyundo na chapa, akagonga namba ya Macharia juu ya bamba alilostahili. Kisha akawageukia wanafunzi wote.

"Sikilizeni. Mwaka wa tatu mtafunga mikanda na magurudumu ya mashine. Gurudumu lililofungwa na asiyejua hufunguka, na linamkata mtu mwingine, si yule aliyelifunga. Mtihani huu upo kumlinda huyo mtu mwingine. Anayeleta kazi isiyo yake amemdanganya mtu ambaye hata hajakutana naye. Erastus, mtihani wako wa mwaka huu umefutwa. Utaurudia mwakani, mara moja, kama sheria inavyosema. Tumia mwaka huo kujifunza."

Saa kumi na moja jioni Erastus alifika Majengo kuchukua blanketi lake. Tata Wakonyo alikuwa ameshapakua irio. Macharia alikuwa amemweleza yote.

"Ni kweli, Erastus?" Tata aliuliza.

"Ni kweli, Tata."

"Kaa ule. Chakula changu simnyimi mtoto kwa sababu amekosa." Alimwekea sahani. "Lakini nisikilize, na wewe Macharia usikie. Nyumba hii haina kufuli ndani. Tunalala hivyo kwa sababu kila mmoja anamwamini mwenzake. Ukiivunja imani hiyo, mimi siwezi kuitengeneza kwa niaba ya mwingine. Utalala hapa tena siku Macharia mwenyewe atakapokuita."

Erastus alikula kidogo, akashukuru, akanawa mikono. Nje alifunga blanketi nyuma ya baiskeli, mahali ambapo Macharia alizoea kukaa. Alisimama pale kitambo, mkono juu ya kiti, akitazama mlango.

Macharia alikuwa ameketi ndani, karibu na mlango, akimwona. Hakumwita. Erastus alipanda baiskeli akashika barabara ya Ruiru.