Jinzi ya Marehemu Kwenye Kamba Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane, na ninaishi Bonga, hapa Babati mjini, ndani ya kiwanja cha wakwe zangu. Nimeamua kuyasema haya kwa sababu najua kuna mwenzangu mahali fulani anafua nguo asiyotaka kuifua, na hajui atatokaje.

Mume wangu, Baba Happy, alikuwa fundi pikipiki. Siku sita za wiki alivaa ovaroli iliyojaa oili. Siku ya saba alivaa jinzi. Alikuwa na moja tu ya maana, ya bluu iliyokolea, nzito, aliyoichagua mwenyewe mnadani kwenye rundo la mitumba mwaka tuliooana. Aliivaa miaka tisa, na watu walikuwa wakimuuliza amenunua lini nyingine.

Siri ilikuwa mikono yangu. Kabla ya kuolewa nilimfanyia kazi mzee mmoja mwenye duka la mitumba pale mjini, mzee mpole wa Kiislamu, ila kwenye jinzi alikuwa mkali kama pilipili. Alinifundisha kwamba jinzi haifuliwi kila ikivaliwa. Unaitundika ipigwe upepo, na doa dogo unalifuta kwa kitambaa chenye maji. Ikibidi kufua, funga zipu, igeuze ndani nje, iloweke kwenye maji baridi, sabuni kidogo tu. Usiipige brashi. Usiisokote kuikamua, iache ichuruzike yenyewe. Na usiianike juani kamwe... ianike kivulini, hata ikichukua siku mbili.

Niliyashika yote. Baba Happy alipenda kuniambia kwamba siku nikimkasirikia nisiende kulalamika kwa mama yake, nimwanikie jinzi juani tu, atajua.

Kisha akafa. Homa ya siku tano, basi. Happy alikuwa na miaka minane, Bariki minne. Sitaki kueleza zaidi hapo, kila aliyefiwa anajua.

Kwetu, msiba ukiisha, ukoo hukaa kugawa nguo za marehemu. Baba mkubwa aliketi na sanduku mbele yake, akawa anaita jina, anatoa nguo. Koti kwa huyu, viatu kwa yule. Jinzi akapewa Daniel, mdogo wake marehemu, mwenye mke na watoto wake kule Maisaka. Niliona Daniel anaikunjakunja kama gunia tupu, na kabla sijafikiri, mdomo wangu ulishatangulia.

Nilisema, "Shemeji, hiyo usiifue kwa maji ya moto. Ikichafuka niletee, nitaifua mwenyewe."

Wanawake wakafuta machozi. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema huyu alimpenda mwanangu. Ni kweli nilimpenda. Lakini mnaona? Hakuna aliyenisukuma. Mlango niliufungua kwa mkono wangu.

Jumamosi ya kwanza Daniel alikuja na mfuko. Niliifua jinzi ile huku nalia, na niwaambie ukweli, kilikuwa kilio kizuri. Nilikuwa nayo tena mikononi. Nikaianika nyuma ya nyumba, chini ya upenu, na Daniel akasema atapita kesho baada ya kanisa kuichukua.

Jumamosi iliyofuata akaja tena. Nikamwambia shemeji, jinzi haifuliwi kila wiki, inachakaa. Akacheka, akasema yeye ni mtu msafi. Wiki ya tatu akaja mapema, akaketi kwenye kiti cha Baba Happy, akaomba chai.

Hapo ndipo ujuzi wangu ulipogeuka kitanzi. Jinzi ya kivulini haikauki upesi. Daniel akiileta Jumamosi, ana sababu ya kurudi Jumapili. Akiikuta bado ina unyevunyevu kiunoni, ana sababu ya kungoja. Akingoja, utamnyima chakula? Shemeji wa kwenye kiwanja cha mama yake mzazi? Kadiri nilivyoitunza suruali, ndivyo nilivyomtunzia njia ya kuja.

Hakunigusa. Nasema hivyo mbele ya Mungu. Alikuwa anakaa tu, anatazama ninavyopita, anawaita wanangu "watoto wangu". Na katikati ya wiki, sokoni, alikuwa akitangulia mbele yangu ndani ya jinzi ile, nikimwona kwa nyuma moyo unaruka... halafu anageuka, si yeye.

Ilipita miezi, ikapita mvua, ikapita tena. Majirani wana macho. Huku kwetu kamba ya nguo inasomwa kama barua, na nguo ya mwanaume ikining'inia kwa mjane kila Jumamosi, nani atasubiri aelezwe? Kwenye jumuiya wakaacha kunipa zamu ya kuongoza sala. Nikifika kisimani mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mahindi. Walikuwa wameshaamua kwamba nimerithiwa na Daniel.

Siku moja akaja Mama Glori, mke wa Daniel. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikaa kwenye ngazi, akaitazama ile jinzi chini ya upenu, mwishowe akasema, "Mwenzangu, mimi sijui kufua?"

Nilimwambia hapana dada, ni ile ahadi ya siku ya nguo.

"Nguo ya mume wangu inakauka kwako," akasema. "Na mwenye nguo yuko wapi wakati inakauka?"

Aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hajawahi kuitikia salamu yangu.

Nikaenda kwa mama mkwe. Shikamoo mama, marahaba, nikapiga magoti, nikamweleza kwamba nataka Daniel asilete tena nguo. Alikuwa anachambua maharage na hakuacha kuchambua. Akaniambia, "Mama Happy, hapa ni kwenu. Ukiona pamekushinda, barabara ile pale. Lakini watoto ni wa ukoo, hawaendi popote."

Mnaelewa nilipokuwa? Nyumba ile nilibeba matofali yake nikiwa na mimba ya Bariki. Nikitoka, natoka peke yangu. Nikibaki, nafua. Nikawa nahesabu siku kwa hofu, Jumatatu napumua, Alhamisi naanza kulitazama geti. Jumamosi nasikia geti linalia, najua ni yeye.

Ndipo shetani, au akili, sijui, ikaniambia: suruali ikifa, na safari zitakufa.

Jumamosi hiyo Daniel alipoiacha na kwenda zake, nilichemsha maji hadi yakatokota. Nikayamwaga kwenye beseni, nikatia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nusu chupa. Nikaitumbukiza bila kuigeuza. Nikaipiga brashi ya kusugulia sakafu. Nikaisokota mpaka mishono ikalia, kisha nikaitandaza juu ya uzio wa mbele, saa sita kamili, kwenye jua la Bonga lisilo na huruma.

Kila nilichofundishwa nisifanye, nilifanya. Na nilipoona ile bluu inatoka na kubaki mabaka meupe kama ugonjwa wa ngozi, nikakumbuka maneno yake, kwamba siku nikimkasirikia nimwanikie juani. Nililia hadi Happy akaja kunishika bega. Sikuwa nimemkasirikia yeye, jamani. Yeye hakuwa na kosa.

Jumapili Daniel akaja. Mama mkwe alikuwa amekaa kwangu uani, anasuka mkeka. Nikamkabidhi suruali, ngumu kama ubao, nikangoja apige kelele, anikatae, anifukuze.

Akaitazama. Akacheka.

"Haina shida, shemeji," akasema. "Nguo ni nguo. Nimekuletea nyingine."

Akaweka mfuko miguuni pangu. Ndani kulikuwa na mashati, vesti, na juu kabisa, zimekunjwa vizuri, chupi zake.

Wanawake wenzangu mnajua. Chupi ya mwanaume inafuliwa na mwenyewe au na mkewe, hakuna mtu wa tatu. Nikaelewa pale pale kwamba haikuwa suruali. Haijawahi kuwa suruali.

Nikausogeza mfuko kwa mguu hadi kwake, nikasema, "Hapana, shemeji. Zipeleke kwa Mama Glori. Mimi sifui tena nguo yako, hata moja."

Mama mkwe aliacha kusuka. Nilisubiri aseme tena, barabara ile pale. Akarudi kwenye mkeka wake. Daniel aliokota mfuko wake, akatoka, na Jumamosi iliyofuata geti halikulia.

Mama mkwe alininunia wiki tatu. Ya nne akamtuma Bariki kwangu aombe chumvi. Mpaka leo niko kwenye nyumba yangu na watoto wangu wote wawili.

Basi, ni hivyo tu? Mwaka mzima na zaidi nilijiona nimefungwa, kumbe nilikuwa na neno moja la kusema, nami nikaona ni rahisi kutumia sufuria ya maji ya moto.

Daniel aliiacha ile jinzi. Ninayo. Wiki iliyopita Bariki, ambaye sura ya baba yake ameanza kuisahau, aliikuta sandukuni akaniuliza kama baba alikuwa anavaa suruali ya mabaka. Nikamwambia hapana mwanangu, ilikuwa bluu. Nikamgeuzia mfuko wa ndani, mahali pekee palipobaki na rangi kidogo, nikamwonyesha.

Dada zangu, na hasa ninyi mliofiwa, nawasihi msipite nilikopita mimi. Msiahidi kitu mbele ya ukoo siku macho yenu yamejaa machozi. Na anayewaleteeni mzigo usio wenu, mkatalieni akiwa bado getini, siku ya kwanza, kwa mdomo. Mimi ningesema hapana mapema, mwanangu angeiona ile bluu yote.